Vitenzi Visaidizi vya Kiingereza na Vielezi Vyake katika Vitabu vya Sarufi

Lugha ya Kiingereza ina kundi dogo la vitenzi ambavyo kazi yake si kutaja tendo bali kuonyesha msimamo wa msemaji juu ya tendo hilo, yaani kama analiona kuwa linawezekana, ni la lazima, limeruhusiwa au linatazamiwa. Vitenzi hivyo, ambavyo wanasarufi huviita vitenzi visaidizi vya hali, ni kama vile "can", "may", "might", "must", "shall", "should" na "will". Katika mazungumzo ya kila siku aghalabu haviendi peke yake: asemaye "it may well rain" ameipa mvua nafasi kubwa zaidi kuliko asemaye "it may rain", na asemaye "you can hardly blame him" amekanusha kabisa kile ambacho kitenzi "can" kingekikubali kama kisingefuatwa na kielezi. Hata hivyo, tangu karne ya 16 hadi katikati ya karne ya 20, vitabu vya sarufi ya Kiingereza vilieleza kitenzi kisaidizi katika sura moja na kielezi katika sura nyingine, na chanzo cha utengano huo kimo zaidi katika historia ya uandishi wa sarufi kuliko katika lugha yenyewe.

Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichosemwa kabla ya mwaka 1100 hivi, vitenzi hivi vilikuwa na maana kamili kama vitenzi vingine: "cunnan", kilichozaa "can", kilimaanisha kujua, "magan", kilichozaa "may", kuwa na nguvu, "sculan", kilichozaa "shall", kudaiwa au kuwiwa, na "willan", kilichozaa "will", kutaka. "Must" nacho kilitokana na umbo la wakati uliopita la "motan", kitenzi kilichohusu kuruhusiwa, kikaishia kwenye ulazima, na safari hiyo kutoka ruhusa hadi amri inatosha kuonyesha jinsi maana za vitenzi hivi zisivyotulia mahali pamoja. Kufikia karne ya 16 vilikuwa vimekwisha kujitenga na vitenzi vya kawaida, na kwa kuwa vilibaki vichache huku vikibebeshwa maana nyingi, si ajabu kwamba vielezi vilihitajika ili kuonyesha ni maana ipi hasa iliyokusudiwa.

Baadhi ya vielezi hivyo vilizaliwa na vitenzi vyenyewe. "Maybe" ni sentensi nzima, "it may be", iliyofupishwa hadi ikawa kielezi, jambo ambalo halitamshangaza msomaji wa Kiswahili, kwani "huenda" nayo ni kitenzi "enda" chenye kiambishi "hu-" kilichoacha kutaja mwendo kikawa alama ya shaka. "Perhaps" ilipatikana kwa kuunga neno la Kilatini na neno la watu wa Skandinavia lenye maana ya bahati. Lakini wafasiri wa Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James walilitumia mara chache tu, wakipendelea "peradventure", neno ambalo leo halisikiki tena mitaani.

Waandishi wa kwanza wa sarufi hawakuutazama ushirika huu kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye Kilatini, lugha iliyofundishwa shuleni kote Uingereza kwa sarufi iliyohusishwa na jina la William Lily. Katika Kilatini hali ya tendo huonyeshwa na viambishi vya mwishoni mwa kitenzi, kwa hiyo swali walilojiuliza lilikuwa ni neno gani moja la Kiingereza linaloweza kushika nafasi ya kiambishi hicho. Jibu lilikuwa "may", "can", "might", "would" na wenzao, vikapewa jina la alama za hali ya uwezekano. Kielezi hakikuwa na nafasi katika hesabu hiyo. William Bullokar, aliyechapisha mwaka 1586 sarufi ya kwanza ya Kiingereza, alifuata kielelezo hicho hicho, na zaidi ya miaka mia mbili baadaye Lindley Murray, mwanasheria kutoka Marekani aliyehamia karibu na York na kuandika sarufi yake ya mwaka 1795 kwa ajili ya shule ya wasichana, bado aliorodhesha vielezi kwa mafungu: vya wakati, vya mahali, vya kiasi, vya shaka, kila fungu likikaa peke yake, mbali na vitenzi.

Badala yake, nguvu za wanasarufi ziliishia kwenye "shall" na "will". Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, aliandika kwa Kilatini sarufi ya Kiingereza iliyowalenga zaidi wageni, akaeleza kuwa katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu ilhali "will" huahidi au hutisha, na kwamba katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka kinyume. Kanuni hiyo ilirudiwa kitabu baada ya kitabu, ikapata hata kichekesho chake, ambacho walimu wa Uingereza walipenda kukisimulia kwa kumdhihaki Muayalandi au Mskoti: mtu anayezama majini anapiga kelele "I will drown, nobody shall save me", na wasikilizaji wake, kwa kuwa wameishika kanuni barabara, wanaelewa kwamba ameazimia kufa na anakataza kuokolewa, wakamwacha azame. Kichekesho hicho kinaikosoa kanuni zaidi kuliko walivyodhani waliokisimulia. Mwaka 1925 Mmarekani Charles Fries alichapisha uchunguzi wa matumizi ya maneno hayo katika tamthilia, akaonyesha kuwa waandishi hawakuwa wakiifuata.

Kuhusu mahali pa kielezi nako kulizuka mgogoro. Katika karne ya 19 wakosoaji kadhaa, akiwemo Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, walilaumu desturi ya kuweka kielezi kati ya "to" na kitenzi kinachoifuata, na hofu iliyotokana na lawama hiyo ilivuka mipaka yake, hata baadhi ya waandishi wakaogopa kuweka kielezi kati ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, mahali ambapo msemaji wa kawaida hukiweka bila kufikiri. Ni Henry Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, aliyetamka wazi kuwa hapo ndipo mahali pake pa asili na kwamba hofu hiyo haikuwa na msingi.

Walimu waliowafundisha wageni hawakuweza kuvumilia mabishano ya namna hiyo, kwa sababu mwanafunzi asiyezaliwa na lugha hutaka kujua neno lipi hukaa wapi. Mmoja wao, Harold Palmer, alikwenda Tokyo mwaka 1922, na A. S. Hornby, aliyefika Japani mwaka 1924, aliongoza utungaji wa kamusi iliyotolewa huko mwaka 1942 ikieleza jinsi maneno yanavyoambatana, kamusi ambayo matoleo yake ya baadaye, yaliyochapwa Oxford, yalifika hadi kwenye madawati ya shule za sekondari za Afrika Mashariki.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale sauti za watu ziliponaswa. Mwaka 1959 Randolph Quirk alianzisha mradi wa kukusanya Kiingereza kama kilivyotumika kweli, ambao mwaka uliofuata ulihamia London, ukawa na maneno milioni moja, nusu yakiwa ya mazungumzo na hotuba na nusu ya maandishi, yakanakiliwa kwenye vipande vya karatasi na kupangwa kabatini. Mazungumzo yakiwa mbele ya mchunguzi, haikuwezekana tena kuuficha ushirika wa kitenzi na kielezi. Mwaka 1977 John Lyons, akifuata hoja ya Michael Halliday, alieleza kuwa kielezi na kitenzi kisaidizi vyenye kiwango kimoja cha uhakika huafikiana na kuimarishana, kama katika "he may possibly be ill", ambapo shaka ni moja tu ingawa imetajwa mara mbili, sawasawa na Mswahili asemaye "huenda labda ni mgonjwa" bila mtu kumwona amezidisha. Lakini si kila jozi hufuata njia hiyo. Kielezi "possibly" kikiambatana na "can't" hulikaza kanusho hadi ukomo wake, kama katika "I can't possibly come", na hicho hicho kikiambatana na "could" katika swali hulainisha ombi, kama katika "could you possibly open the window". Kwa hiyo kamusi inayotoa maana moja ya "possibly" haimsaidii mwanafunzi katika sentensi yoyote kati ya hizo mbili. Mwaka 1997 Leo Hoye alitoa kitabu kizima juu ya jozi hizi, jambo ambalo Murray angeliona kuwa la ajabu.

Wakati huohuo vitenzi vyenyewe vilikuwa vikipungua. Geoffrey Leech alipolinganisha maandishi ya mwaka 1961 na yale ya mwaka 1991 na 1992, ya Uingereza na ya Marekani, alikuta kuwa "may", "must" na "shall" vinatumika mara chache zaidi kuliko awali, huku "have to" na "going to" vikizidi kushika kazi hizo, na vielezi vimevifuata huko vilikohamia, kwa maana Mwingereza wa leo asiyetaka kusema "you need not" husema "you don't necessarily have to".