Kutoka sweta la sufu mpaka nyavu kuukuu: stori ya nguo ya kuogelea

Leo tuongelee kitu ambacho sisi watu wa ziwa tunakichukulia poa sana: nguo ya kuogelea.

Mimi nimekulia Buswelu. Mara ya kwanza naingia majini kule Igombe nilivaa tisheti na jinzi. Hatua chache tu jinzi ikanywa maji, miguu ikawa mizito kama nimefungiwa mawe. Nilitoka salama kwa sababu maji yalinifika kifuani tu. Mpaka leo dada zetu wengi wanaingia na kanga au dera, au wanabaki mchangani kupiga picha. Tunasema ni waoga. Mimi nasema shida kubwa ni kitambaa.

Na hii shida haijaanza kwetu. Zamani Wazungu walikuwa wanaogelea na sufu! Mwaka 1913 huko Portland, Marekani, mpiga makasia mmoja aliwafuata wafumaji wa masweta, akaomba bukta iliyofumwa kama ule ukingo wa mkono wa sweta, unaovutika. Wakamfumia. Kutoka hapo wakaja kutengeneza nguo nzima ya kuogelea, na kampuni yao ikajulikana kama Jantzen. Kasoro moja: ikilowa ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 3. Ila umeona? Mvaaji kaongea na mfumaji, kitu kipya kikazaliwa.

Mwaka 1946 Louis Réard akaonyesha bikini Paris, dunia ikashtuka. Lakini yeye alipunguza kitambaa tu. Mageuzi yenyewe yalitoka maabara za kampuni ya DuPont: nailoni mwaka 1935, halafu Lycra mwaka 1958. Nyuzi za aina hiyo ya Lycra ndizo zinafanya skintaiti yako ivutike na kurudi.

Haya, na asiyetaka kuacha mwili wazi? Mwaka 2004 Aheda Zanetti wa Australia alibuni burkini, nguo nyepesi inayofunika mwili mpaka kichwa. Na hapa hapa nyumbani, Nungwi kule Zanzibar, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za namna hiyo. Mabinti waliokua wakiiangalia bahari wakaingia ndani yake bila kuvunja heshima ya kwao. Nguo tu, wadau!

Sasa turudi Mwanza. Tuna pamba ya Usukumani, tuna jina kubwa la kiwanda cha Mwatex. Tatizo pamba inanywa maji, kwa hiyo kanga ni nzuri ya kujifunga ukishatoka, siyo ya kuogelea. Ila tuna kitu kingine: nyavu. Nenda mwalo wowote utakuta nyavu za nailoni zilizochakaa zimetupwa. Zingine zinabaki ziwani zinaendelea kunasa samaki ambao hakuna wa kuwavua.

Mwaka 2011 kampuni ya Aquafil ya Italia ilianza kutengeneza uzi unaoitwa Econyl, kutokana na nyavu kuukuu, mazulia na mabaki mengine ya nailoni. Wanasafisha, wanaivunja nailoni kikemikali, wanatoa uzi mpya, na wabunifu wanashona nguo za kuogelea. Siyo muujiza, bado ni plastiki na ukifua inaachia vinyuzi. Lakini wavu uliokuwa takataka unakuwa nguo.

Juzi nikamfuata mama mmoja fundi cherehani hapa mtaani. "Shikamoo mama, unaweza kushona nguo ya kuogelea?" Akacheka. "Marahaba mwanangu. Mshono siyo shida, napiga zigizaga ili uzi usikatike ukivutika. Kitambaa kizuri ndiyo sikipati, nabaki kukata skintaiti za mtumba."

Hapo ndipo tulipokwama. Fundi tunaye, mvuvi mwenye nyavu tunaye, mabinti wanaotaka kujifunza kuogelea tunao. Hawajawahi kukaa meza moja na mwenye kiwanda. Portland ilianza na mtu mmoja tu kugonga mlango wa mfumaji. Buswelu nani atagonga?

Niambieni wadau, wewe mara ya kwanza uliingia majini na nguo gani?