Kanisa la Rabai na Sababu za Kustawi Kwake

Mara nyingi, ikitajwa habari ya kanisa la shamba, watu hutazama kwanza ukubwa wa jengo, na wingi wa watu wa Jumapili, na fedha za sadaka. Mambo hayo si ya kudharauliwa. Lakini atakaye kujua kwa nini kanisa moja dogo husimama na jingine hufa pamoja na mchungaji wake, hana budi kurudi nyuma katika historia. Nasi katika nchi ya Kenya tunao mfano ulio wazi, nao ni Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa.

Dr. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha C.M.S., alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alimzika mkewe huko. Mwaka 1846 alijiwa na mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakapanda Rabai wakaomba ruhusa kwa wazee wa kaya. Wazee waliwapokea kwa wema na kuwapa mahali pa kukaa. Hili tulikumbuke: kanisa lile lilianza kwa idhini ya wenyeji, si kwa nguvu ya serikali, maana siku zile hapakuwa bado na serikali ya Waingereza katika nchi hii.

Lakini mavuno yalikawia sana. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu kilema na maskini, aliyepewa ubatizo akiwa karibu na kufa, mwaka 1851. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ugonjwa. Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, akaondoka akiwa kipofu, baada ya kazi ya miaka 29. Na Wakristo aliowaacha walikuwa wachache mno. Mtu apimaye kwa hesabu peke yake angesema kazi ile ilikuwa bure.

Walakini mbegu zilikuwa zimekwisha kupandwa katika mambo mawili. La kwanza ni lugha. Injili ya Luka, iliyotafsiriwa na Krapf katika lugha ya watu wa vilima vile, ilichapwa Bombay mwaka 1848, hata mtu aliyejua kusoma aliweza kulisikia neno kwa maneno ya mama yake. La pili ni watu wenyewe. Mgiriama mmoja, Abe Ngoa, mfuasi wa Rebmann, alirudi kwao Godoma akawafundisha jirani zake kusali na kusoma, pasipo Mzungu wa kukaa naye. Katika mzizi huo baadaye kilitokea kijiji cha Fuladoyo chini ya David Koi, aliyewapa hifadhi watumwa watoro, akauawa kwa ajili ya kazi hiyo.

Tena walikuja wasaidizi ambao historia yao yapasa kujulikana na watoto wetu. Hao ndio Waafrika waliokombolewa utumwani, wakalelewa na kufundishwa kazi za mikono na elimu huko Nasik, India. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler, waliofika pwani mwaka 1864. Jones, Myao kwa kuzaliwa, alijua utumwa kwa mwili wake mwenyewe. Mwaka 1885 wote wawili walifanywa mashemasi na Askofu Hannington. Mwaka huo huo Jones alifuatana na Askofu katika safari ya Uganda. Na Askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliosalia, mpaka wakafika Rabai mwaka 1886, mbele yao bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, maana yake, utukufu umeondoka.

Ndipo lilipokuja jaribu kubwa. Watoro kutoka mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia Rabai, usiku na mchana. Wakubwa wa misioni walikuwa wamekataza kuwapokea, kwa sababu sheria ya wakati ule iliwahesabu kuwa mali ya watu, na mabwana zao walitishia kuja na silaha. Kuwapokea kulikuwa hatari kwa kijiji kizima. Kuwafukuza kulikuwa kuwarudisha mnyororoni. Kanisa la Rabai halikuwafukuza. Walipewa mahali pa kujenga na kulima, wakakaa pamoja Wayao, Wanyasa, Wamakua na Wamijikenda, lugha yao ya pamoja ikiwa Kiswahili.

Mwaka 1888 hesabu ilipofanywa, ilionekana kwamba watoro katika vituo vya misioni walikuwa mamia kwa mamia, na wengi wao wako Rabai. George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikianza kutawala pwani, alipatana na mabwana kuwalipa fidia. Na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zilitolewa Rabai. Waliopata uhuru kwa mapatano hayo walizidi 1,400.

Basi, ni nini kilichostawisha kanisa lile? Fedha zilisaidia, lakini zilikuja mwisho, wakati watu walikuwa wamekwisha kujenga na kulima. Kilichotangulia ni saburi ya wapandaji wasioona mavuno. Ni neno katika lugha ya wenyeji. Ni walimu waliotoka katika watu wenyewe na kujua taabu zao. Na zaidi ya yote, ni mlango usiofungwa mbele ya mwenye dhiki. Mtu hujitahidi kuitunza nyumba iliyomwokoa. Wale waliopewa hifadhi ndio waliojaza viti, wakalima mashamba, wakasomesha watoto.

Chama cha kusaidiana si kanisa, walakini wazee wetu wataona jinsi mambo haya yanavyotugusa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tunapopitia hesabu za mwaka na kuandika majina ya wanachama wapya, tujiulize pia ni wangapi waliokuja kwetu kwa shida wakapokewa, na ni wangapi tuliowaambia warudi kesho.