Jina ya mwandishi iko wapi?



Mwaka jana nilituma makala yangu kwa revi moja ya historia. Ilikuwa juu ya watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Niliifanyia kazi miezi saba. Baada ya wiki tatu ikarudi, bila neno hata moja juu ya yaliyomo: marejeo hayafuati mtindo wetu, rekebisha halafu utume tena. Nilikasirika sana. Mimi ninaleta historia, wao wanahesabu nukta na mikato!

Jioni nikakaa nyumbani na kompyuta ili nirekebishe. Papa alikuwa pembeni. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa boyi kwa Wazungu wakati wa ukoloni, kwa hiyo nikamsomea kipande cha maandishi niliyoyatumia zaidi. Alicheka, sababu alisikia Kiswahili cha wazee wake. Halafu akauliza:

"Njo nani aliandika hii?"

"André Yav," nikajibu.

"Na huku kwa liste yako, jina yake iko wapi?"

Nikatafuta. Haikuwepo. "Fabian 1990" ilikuwepo mara tisa. Yav, hata mara moja.

Maandishi yenyewe ni *Vocabulaire de Ville de Elisabethville*, ya mwaka 1965. Ni historia ya mji huo, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kwetu Katanga, kwa jina la chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Yav ndiye aliyekusanya na kuandika. Mwaka 1990 Johannes Fabian, mtaalamu wa antropolojia, aliyachapisha pamoja na tafsiri na maelezo yake. Fabian hakumficha Yav: jina lake liko katika kichwa cha kitabu. Kosa lilikuwa langu. Niliweka kitabu ndani ya programu ya marejeo, programu ikachukua jina la mchapishaji, mimi nikafuata bila kufikiri. Makala yangu ilisema kwamba boyi wa Elisabethville waliandika historia yao wenyewe, na liste yangu ilimfuta yule aliyeiandika.

Dawa yake si ngumu. Unaandika hivi: Yav, André, 1965, jina la maandishi, halafu "katika" Fabian, 1990. Ukitumia maneno ya Yav, mtaje Yav. Ukitumia maelezo ya Fabian, mtaje Fabian. Ni watu wawili, ni mistari miwili.

Tangu siku hiyo nilianza kuangalia liste yangu kama hati ya historia. Mtindo wa kuweka jina na mwaka ndani ya mabano, ule tunaouita Harvard, unahusishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa chuo kikuu hicho, aliyeutumia mwaka 1881 katika kazi yake juu ya konokono wasio na nyumba. Mtindo huo unangoja mtu awe na jina moja la ukoo, lisilobadilika, na herufi moja au mbili za majina mengine. Sisi Wakongo tuna jina, postinomu na prenomu, na serikali ilikwisha kuyagusa.

Mwaka 1972, wakati wa siasa ya "authenticité", Mobutu aliacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaambiwa waache majina ya Kikristo. Mwanafalsafa wetu Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alikuwa Valentin-Yves. Akawa Vumbi Yoka. Angalia vizuri: herufi ni zilezile, V. Y. Kitabu chake *The Invention of Africa* cha 1988 kinasema tu V. Y. Mudimbe. Mtu asiyejua historia yetu anaweza kukuta majina hayo mawili katika biblioteki na kudhani ni waandishi wawili. Na kwa waandishi wengine ambao herufi zao hazikufanana, ni nani atawaunganisha kama si sisi?

Tena kuna Isidore Ndaywel è Nziem. Programu nyingi zinachukua neno la mwisho kuwa jina la ukoo, basi anakuwa "Nziem, I. N.", na msomaji akimtafuta kwenye herufi N-d hamwoni. Iandikwe Ndaywel è Nziem, Isidore. Kitabu chake kikubwa nacho kina habari yake. Mwaka 1997 kilitoka kwa jina *Histoire du Zaïre*. Mwezi wa tano mwaka uleule nchi ikabadilisha jina, na 1998 kikatoka tena kama *Histoire générale du Congo*. Ukinukuu ukurasa wa toleo moja na kuandika mwaka wa lingine, umemtuma msomaji kwenye mlango usio wake.

Ni vilevile kwa miji na vyuo. Kitabu kilichochapwa Elisabethville mwaka 1958 usikiandikie Lubumbashi, sababu jina hilo lilikuja 1966. Kazi ya mwisho wa masomo ya 1975 itasema UNAZA, ule muungano wa vyuo vikuu ulioanza 1971 na kuvunjwa 1981. Usisahihishe. Andika kama ukurasa wa kwanza unavyosema, na ukitaka kumsaidia msomaji, ongeza jina la leo ndani ya mabano ya mraba, ili ajue kwamba hayo ni maneno yako.

Na wazee wetu je, wale tunaowauliza maswali chini ya mwembe? Jan Vansina alionyesha tangu 1961, katika *De la tradition orale*, kwamba neno la mdomo linaweza kuwa chanzo cha historia kama linapimwa vizuri. Lakini mimi nilikuwa nimeandika "mzee mmoja alisema". Nikarudi kwake, nikaomba ruhusa, nikaweka jina lake, mahali na tarehe. Akikataa jina lake litajwe, unaheshimu na unasema hivyo wazi.

Neno la mwisho ni juu yetu wenyewe. Chagua leo namna moja ya kuandika jina lako, na uishike katika kila makala. Kuna namba ya bure ya mtafiti, ORCID, iliyoanza 2012, inayokufuata hata jina likibadilika. Ichukue kabla ya kutuma kitu.

Nukta na mikato nilizipanga kwa usiku mmoja. Majina yalinichukua wiki mbili. Nilituma tena, na makala sasa iko mikononi mwa wasomaji wa revi. Bado ninangoja jibu. Kabla ya kuituma nilimwonyesha Papa liste. Alishuka na kidole polepole mpaka chini, kwenye herufi Y.

"Eh," akasema, "njo huyu."