Ukatili wa Nyumbani: Safari ya Sheria ya Uganda

Neno katili lilitoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake ni kuua. Pengine ndiyo sababu mwanafunzi asikiapo "ukatili wa nyumbani" huwaza damu na mifupa iliyovunjika. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 imelipa neno hilo maana pana zaidi, na upana huo haukupatikana upesi.

Mwaka 1965 tume iliyoongozwa na W. W. Kalema ilitoa ripoti juu ya ndoa, talaka na hadhi ya wanawake. Miaka thelathini baadaye Katiba ya 1995 ikawapa mume na mke haki sawa, ikakataza pia mila zinazovunja utu wa mwanamke. Hata hivyo, mke aliyepigwa alikuwa bado anategemea makosa ya kawaida ya shambulio, kana kwamba amepigwa na mpita njia. Muswada wa mahusiano ya kifamilia ulifika Bungeni mwaka 2003 ukiwa umebeba mitala, talaka na mali katika kapu moja. Mwaka 2005 Waislamu wakaandamana Kampala kuupinga, nao ukakwama. Naona kwamba kuutenga ukatili na kuutungia sheria yake ndiko kulikouokoa.

Sheria hiyo ilianza kutumika Aprili 2010. Inataja sura nne za ukatili: wa mwili, wa kingono, wa kihisia na kisaikolojia pamoja na matusi, na wa kiuchumi. Soma sura hizo polepole. Kumdhalilisha mtu kila siku kwa maneno kumo. Wivu uliopita kiasi, unaomnyima mtu faragha na uhuru wake, umo. Kumnyima fedha za matumizi anazostahili kumo vilevile. Wala mtendaji hawezi kujitetea kwamba mwenzake aliridhia. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 2.

Jambo ambalo wengi hulipita ni kwamba uhusiano unaolindwa si wa ndoa tu. Mtumishi wa ndani, yule binti aliyeletwa mjini kulea watoto, naye anaweza kumshtaki mwajiri wake kwa sheria hiyohiyo.

Msaada una milango kadhaa. Ulio karibu ni mahakama ya baraza la mtaa, inayoweza kuonya, kuamuru fidia au kupatanisha. Mtendaji akirudia kosa, au ikionekana ataendelea kudhuru, shauri hupelekwa polisi na kwa hakimu. Sikatai usuluhishi, ila wazee wa mtaa mara nyingi ni marafiki wa mume, na mwathirika ana haki ya kwenda moja kwa moja kwa hakimu kuomba amri ya ulinzi, hata ya muda. Polisi wanawajibika kumsaidia kupata matibabu na mahali salama. Chama cha wanasheria wanawake, FIDA, kilichoanzishwa mwaka 1974, hutoa msaada wa kisheria bila malipo. Ipo pia simu ya bure, 116, ambayo serikali imeipa jina la Kiswahili: Sauti.