Wakili Aliyetetea Shule: Thaddeus Stevens katika Bunge la Pennsylvania

Katika historia ya Walutheri wa Marekani, mji mdogo wa Gettysburg, katika jimbo la Pennsylvania, una nafasi ya pekee. Hapo ilianzishwa seminari yao mwaka 1826, na chuo mwaka 1832. Miongoni mwa waliokisaidia chuo hicho kupata ruzuku ya serikali ya jimbo ni wakili asiyekuwa Mlutheri, Thaddeus Stevens.

Stevens alizaliwa Vermont mwaka 1792, akiwa na kilema cha mguu. Baba yake aliitelekeza familia, na mama akawalea watoto katika umaskini. Mwaka 1816 alifungua ofisi ya uwakili Gettysburg. Mwaka 1821 alimtetea mmiliki wa watumwa akashinda, na mama mmoja, Charity Butler, akakosa uhuru wake. Hata hivyo, baadaye Stevens aligeuka kuwa adui mkubwa wa utumwa.

Mwaka 1833 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo. Sheria ya mwaka 1809 iliwalipia ada watoto wa maskini, mradi wazazi wajitangaze kuwa mafukara. Wengi waliona haya, na watoto wao wakakosa elimu. Ndipo sheria ya mwaka 1834 ikaanzisha shule za wote kwa fedha za kodi.

Upinzani ulikuwa mkali. Walutheri wengi wa asili ya Kijerumani, wenye shule za sharika zao, walikuwa miongoni mwa wapinzani, kwani hawakutaka kulipia shule mara mbili. Mwaka 1835 Seneti ya jimbo ilipiga kura kuifuta sheria hiyo.

Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens alisimama kuitetea, ingawa ilikuwa imetiwa sahihi na gavana wa chama pinzani, George Wolf. Alihoji kwa nini mtu akubali kulipia magereza ya wahalifu, lakini anung'unikie kodi ya kuzuia uhalifu. Baraza likakataa kuifuta.

Mwaka 1838 alikataa kutia sahihi katiba mpya ya jimbo, kwa kuwa iliwanyima watu weusi haki ya kupiga kura. Alifariki mwaka 1868, akazikwa Lancaster katika makaburi yasiyobagua rangi, kwa chaguo lake mwenyewe. Wakili aliyewahi kumnyima mama uhuru mahakamani aliacha nyuma yake shule ambazo mtoto wa maskini aliweza kuingia bila aibu.