Nani Amlishe Mwanafunzi? Wakfu, Utafiti na Ustahimilivu wa Jamii Zetu

Katika miaka ya karibuni vyuo vikuu vingi duniani vimeanzisha ufadhili kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaotafiti jambo linaloitwa ustahimilivu wa jamii. Maana yake ni uwezo wa watu wa eneo moja kuhimili ukame, mafuriko, maradhi au kuanguka kwa biashara, na kusimama tena baada ya balaa kupita. Mwanafunzi huondolewa karo, hupewa posho, kisha hupelekwa kijijini au mjini kuuliza: watu hawa waliokoka vipi, na ni kipi kilichowaangusha?

Baadhi ya vijana wetu wanazipata nafasi hizo, na tunawaombea kheri. Lakini lipo suala ambalo wanachuoni wa Kiislamu walilizungumza karne nyingi zilizopita: anayemlisha mwanafunzi ana sauti gani katika swali analokwenda kuliuliza? Tutalitazama suala hili kwa njia ya tarikh, kisha tutarejea katika pwani yetu.

Hesabu kabla ya msaada

Mwaka 18 Hijria (639) ukame mkubwa uliipiga Hijazi. Mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Ramada, yaani wa majivu, kwa jinsi ardhi ilivyogeuka rangi. Watu wa majangwani walikimbilia Madina. Ibn Saad amepokea katika Tabaqat kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliamrisha wahesabiwe waliokuja kula chakula cha usiku, wakawa 7,000. Kisha akaamrisha wahesabiwe wasioweza kuja, wagonjwa na watoto, wakawa 40,000. Aliwaandikia magavana wake wapeleke chakula, akaakhirisha kukusanya zaka, na imepokewa kuwa hakukata mkono wa aliyeiba mwaka ule.

Mafaqihi wameandika sana juu ya hukumu hizi. Sisi tunataka msomaji azingatie lile lililotangulia, nalo ni hesabu. Kiongozi hakutosheka na kusikia kuwa watu wana njaa. Alitaka kujua ni wangapi, na akawatafuta wale ambao njaa iliwazuia hata kuufikia mlango wake. Huo ndio utafiti, ingawa haukuitwa kwa jina hilo.

Posho za Baghdad

Mwaka 459 Hijria (1067) Nidham al-Mulk, waziri wa Waseljuki, alifungua Madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad. Madrasa zilikuwepo kabla yake, lakini yeye aliweka wakfu mkubwa wa kuwalipa walimu na kuwalisha wanafunzi, akafanya hivyo katika miji kadhaa. Haji Khalifa amesimulia kwamba wanachuoni wa Mawaraa-n-Nahar walipopata habari hizo waliifanyia elimu matanga. Walisema elimu ilikuwa ikitafutwa na wenye himma kwa ajili yake yenyewe, na sasa itatafutwa kwa ajili ya ujira.

Hata kama kisa hicho kimeongezwa chumvi, khofu iliyomo ndani yake ina asili. Imamu Ghazali alisomesha hapo Nidhamiyya kuanzia mwaka 484 hadi 488 (1091 hadi 1095), akaijua hali hiyo kwa ndani. Katika Ihyaa ameihesabu elimu ya tiba na ya hesabu kuwa faradhi ya kifaya, yaani ikiwa hakuna hata mmoja mjini anayeijua, basi mji mzima una dhambi. Kisha akalalamika kuwa miji mingi haina tabibu ila asiye Muislamu, huku vijana wakisongamana katika fiqhi, na khasa katika mijadala ya khilafu. Sababu aliyoitaja ni kwamba katika tiba hakukuwa na njia ya kuupata ukadhi, wala usimamizi wa wakfu, wala ulezi wa mali za mayatima. Kwa maneno mengine, vijana walikwenda pale posho ilipokuwa.

Karne moja na nusu baadaye, mwaka 631 (1234), Khalifa Al-Mustansir alifungua madrasa yake katika mji huo huo. Sharti la wakfu wake lilikuwa wanafunzi 62 kwa kila moja katika madhhabu manne, jumla 248, na juu yao tabibu mwenye wanafunzi 10 wa elimu ya tiba. Kumi si wengi. Hata hivyo walipata mahali pa kusoma kwa sababu mweka wakfu aliwaandika katika hati yake. Mafaqihi husema kuwa sharti la mweka wakfu hufuatwa mithili ya nassi, maadamu halipingani na sharia. Basi mwenye kuandika sharti ndiye anayefungua mlango wa elimu fulani na kuuacha mwingine umefungwa.

Wafiwa walioandika

Tuje Cairo, ambako wakfu ulilea wanachuoni waliotafiti balaa za mji wao wenyewe. Al-Maqrizi (aliyefariki 845/1442) aliwahi kuwa muhtasibu, msimamizi wa masoko ya Cairo, na baadaye alisimamia wakfu na kusomesha Damascus. Njaa ilipoikamata Misri mwaka 806 (1403), hakuridhika na kauli kwamba Mto Nile umepungua tu. Mwaka 808 (1405) aliandika Ighathat al-Umma, kitabu kidogo kinachokusanya habari za njaa zilizopita za Misri. Humo alitaja sababu tatu za ile ya zama zake: vyeo kuuzwa kwa rushwa, kodi za mashamba kupandishwa mpaka mkulima akashindwa, na sarafu za shaba kujazwa sokoni mahali pa dhahabu na fedha. Maneno haya yaliwagusa wakubwa, na aliyeyaandika alikuwa ameiona bei ya ngano kwa macho yake.

Wa pili ni Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki 852/1449), sheikh wa khanqah ya Baybarsiyya, iliyokuwa na wakfu wake. Tauni ilimchukulia mabinti wawili mwaka 819 (1416), na mkubwa wao mwaka 833 (1430). Kitabu chake Badhl al-Maun, kinachohusu tauni, kilianza baada ya msiba wa kwanza na kikamalizika mwaka ule wa msiba wa pili. Pamoja na hadithi na hukumu, ameandika aliyoyashuhudia. Tauni ya mwaka 833 ilipoanza Cairo, waliokufa kwa siku walikuwa chini ya 40. Watu wakafunga, wakatoka wote jangwani kuomba, wakarudi. Mwezi haukwisha ila waliokufa kwa siku walikuwa wamezidi 1,000. Ibn Hajar hakuiacha dua, lakini aliutazama mkusanyiko ule kwa jicho la mwenye kuhesabu, na hakuogopa kuandika alichokiona.

Wanachuoni hawa wawili walikula wakfu wa nchi walimoishi, na swali walilolitafiti lilikuwa swali la majirani zao na la nyumba zao.

Balaa letu na kalamu ya mgeni

Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana Zanzibar na mwambao wake. Kitabu ambacho watafiti hukikimbilia hadi leo kuhusu balaa hilo ni cha James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, kilichochapishwa London mwaka 1876. Christie aliwauliza wenyeji na wafanya biashara, akafuatilia njia ya maradhi kutoka bara hadi Pangani na kisha Unguja. Tunamshukuru kwa kazi hiyo. Lakini waliomweleza walikuwa wazee wetu, na elimu yao ikatufikia kwa Kiingereza.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Aprili 1872, kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Mkulima wa Unguja aliyelala na shamba akaamka na magogo alisimamaje tena? Nani alimkopesha, na kwa sharti gani? Hilo ni swali linalofaa shahada nzima.

Katika zama zetu upo mfano wenye kutia moyo. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Maji yalipozidi joto, aina ya cottonii, yenye bei nzuri zaidi, ikawa inakufa katika maji ya kina kifupi. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Zanzibar, walishirikiana na wakulima hao kujaribu kulima katika maji ya kina zaidi kwa kutumia nyavu za bomba. Hapo ikadhihiri kuwa tatizo halikuwa la mmea peke yake, kwani wengi wa akina mama hawakuwa na mashua wala hawakujua kuogelea. Mambo haya hujulikana na anayekaa na watu.

Lakini fedha za utafiti wa namna hii hutoka wapi? Jumuiya ya WIOMSA, iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao Zanzibar, imewapa watafiti wengi wa ukanda wetu ruzuku, na kwa miaka mingi imepata msaada wa serikali ya Uswidi. Hatuna neno baya juu ya msaada huo, na umeleta manufaa. Tunachosema ni kwamba mfadhili wa mbali ana bunge lake na vipaumbele vyake, na siku akibadili nia, mwanafunzi wetu hurudi nyumbani na daftari nusu.

Wakfu wa namna gani?

Huenda msomaji akauliza: je, zaka haitoshi? Imamu Nawawi ameeleza katika Al-Majmuu kwamba mwenye uwezo wa kuchuma, akiwa kuchuma kutamkatisha na kutafuta elimu ya sharia, anajuzu kupewa zaka, kwa kuwa elimu hiyo ni faradhi ya kifaya. Kauli hiyo imefungamana na elimu ya sharia, na kuipanua hadi kwa anayetafiti mafuriko ya Rufiji kunahitaji ijtihadi ya wenye kustahiki. Wakfu hauna uzito huo, kwani kila lililo jema na la manufaa lafaa kuwekewa wakfu.

Na kwa kuwa wengi wetu pwani ni Mashafii, tukumbuke kuwa kauli yenye nguvu katika madhhabu yetu haikubali wakfu wa fedha taslimu, maana hainufaishi mpaka itumike ikaisha. Mahanafi wa dola ya Uthmaniyya waliupitisha, akiwemo Mufti Abu Suud (aliyefariki 982/1574), na Birgivi akampinga. Sisi tunayo njia isiyo na khilafu: duka, nyumba ya kupangisha, au shamba la minazi, ambalo kodi au mavuno yake yatamlisha mwanafunzi mmoja wa uzamili mwaka hadi mwaka.

Hati ya wakfu huo iwe na masharti matatu. Kwanza, swali la utafiti litokane na watu wa eneo, baada ya kushauriana nao msikitini na barazani, wanawake wakiwemo. Pili, mwanafunzi akae eneo hilo kwa muda wote wa kukusanya habari, na awe huru kuandika alichokiona hata kama kitamuudhi msimamizi wa wakfu. Tatu, kabla ya kukabidhi kazi yake chuoni, aisome kwa Kiswahili mbele ya waliomjibu, wamsahihishe, na nakala ibaki kwao.

Hili halihitaji sultani wala waziri. Ndugu watano wenye duka la urithi wanaweza kulianza, wakamwendea kadhi au Kamisheni ya Wakfu kuandikisha hati. Ugumu utakuwa katika sharti la pili, kwani si kila mweka wakfu anapenda kusomewa makosa ya mji wake. Al-Maqrizi na Ibn Hajar wametuonyesha kuwa jambo hilo lilistahmiliwa Cairo miaka mia sita iliyopita.

Wallahu aalam.