Baraza Chini ya Miti: Bustani za Umma Jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi



Taaluma za Kiswahili zimezoea kuitafuta historia ya lugha katika miswada, tenzi na kamusi. Jioni hii naomba tuitafute katika bustani za umma zilizo jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Hoja yangu ni kwamba bustani hizo hazikulindwa na hati za ardhi peke yake. Zililindwa na watu waliozigeuza kuwa baraza.

Neno 'baraza' lenyewe lina mafunzo. Katika nyumba za mwambao, baraza ni kikalio cha mawe kilichojengwa nje ya mlango, ambapo jirani na mpita njia huketi na kuzungumza bila ya kuombwa malipo wala kuulizwa cheo. Neno hilohilo hutaja pia mkutano wa hadhara, na hata chombo cha dola, kama tunavyosema Baraza la Mawaziri. Kwa hiyo katika fikra za Waswahili mazungumzo ya mlangoni na mashauri ya utawala hayako mbalimbali.

Nairobi ya kikoloni haikukusudia jambo hilo. Arboretum, iliyo jirani na mabweni ya wanafunzi, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribia miti ya kigeni, kwa kuwa reli ilihitaji kuni na mbao. Mwaka mmoja kabla yake, Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, alikuwa ameutolea mji bustani inayobeba jina lake hadi leo, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Wanafunzi wa kwanza wa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia mwaka 1956; wakaikuta bustani hiyo mwendo wa dakika chache kutoka madarasani. Uhuru Park, ng'ambo ya barabara kuu, ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969.

Thamani ya sehemu hizi ilidhihirika zilipotaka kutwaliwa. Mwaka 1989 palitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai, aliyewahi kuwa mhadhiri wa chuo hicho, aliupinga hadharani; alibezwa na wanasiasa, lakini hatimaye mradi uliachwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula katika pembe ya bustani hiyohiyo wakidai watoto wao waachiliwe. Aidha, mwaka 1991 lilipotolewa pendekezo la kujenga maegesho ya magari katika bustani ya Jeevanjee, mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, nayo bustani ikasalimika.

Ni katika bustani hiyo ya Jeevanjee ambapo lilikua kundi lijulikanalo kama Bunge la Mwananchi. Wachuuzi, wasio na ajira, wanafunzi na wapita njia huketi penye vivuli na kujadili bei ya unga, katiba na uchaguzi, kwa Kiswahili zaidi. Ikumbukwe kwamba ng'ambo ya barabara, katika kumbi za mihadhara, lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Hivyo mwanafunzi aliyepanga chumba Ngara, mahali pasipo ua wala kivuli, huvuka barabara akajifunza sanaa ya kujenga hoja kwa lugha ambayo mama yake sokoni angeielewa.

Sanamu ya Malkia ilivunjwa mwaka 2015, lakini baraza halikuvunjika. Hilo latuonyesha kwamba urithi wa bustani ni desturi ya kukutana kuliko mawe yaliyosimamishwa ndani yake. Desturi hiyo, hata hivyo, ni dhaifu mbele ya ua wa chuma na kiingilio. Ada ndogo mlangoni haimzuii mwenye mshahara. Humzuia yule ambaye hoja yake haisikiki penginepo.

Kwa hiyo, tunapohesabu taasisi zilizokilea Kiswahili, yaani shule, redio, magazeti na vyama vya lugha, hatuna budi kuongeza kivuli cha mti kisicholipiwa. Mji ukikiuza, lugha nayo hupoteza mojawapo ya madarasa yake.